Injinia Béla Bugár wa Slovakia: alikuwa daraja, au aliwauza Wahungaria wenzake?

Neema_BA:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Niko Bratislava mwaka wa pili, nasoma uzamili wa uhandisi mitambo. Chumba nimepanga na binti wa Kihungaria ambaye kwao ni Dunajská Streda. Kabla sijamjua nilidhani Mhungaria ni mtu wa Hungaria, basi. Kumbe yeye kazaliwa Slovakia, baba yake kazaliwa Chekoslovakia, na pasi ya Hungaria hawana. Nyumbani wanaongea Kihungaria tu.

Jumapili iliyopita walinialika chakula cha mchana. Baba mtu aliposikia ninachosoma akachangamka: "Uhandisi mitambo! Kama Bugár!" Hapo mjomba wao akaweka kijiko mezani na kusema maneno ambayo rafiki yangu alikataa kunitafsiria. Baba naye akajibu. Wakabishana mpaka supu ikapoa, mama akainuka kwenda kuipasha.

Nimesoma kidogo mtandaoni. Nimepata tarehe na asilimia za kura, lakini sijaelewa. Huyu injinia aliingiaje kwenye siasa za Wahungaria wa kusini, na alifanya nini hata leo ndugu wawili wagombane kwa jina lake? Kama kuna aliyeishi huko kipindi chote hicho naomba anifafanulie.

Kibo78:

Si ndiye aliyegombea urais wa Slovakia 2019? Nakumbuka alipata kama asilimia 3 hivi. Yule mama mwanasheria, Čaputová, ndiye aliyeshinda.

FundiWaSomorja:

Marahaba, Neema. Kibo78 hajakosea, lakini hiyo ni 2019, na kufikia hapo mambo yalikuwa yameshaharibika. Mimi niko nchi hii tangu 1984, mke wangu ni Mhungaria wa kijiji cha jirani na Šamorín, na jina hilo limewahi kukatiza chakula nyumbani kwangu pia. Nitakwambia nilivyoona.

Nilikuja kwa skolashipu, enzi za Chekoslovakia. Mwaka wa kwanza tulisoma lugha Senec. Asubuhi mpaka alasiri ni Kislovakia, Jumamosi naenda sokoni kujaribu nilichofundishwa. Kulikuwa na mama mmoja muuza pilipili hoho. Ananijibu Kislovakia taratibu, ananipimia, halafu anamgeukia mwenzake na kuzungumza lugha ambayo siambulii hata neno moja. Nikamuuliza mwalimu. Akaniambia wale ni Wahungaria, na Senec wao wanaiita Szenc. Kwenye kitabu chetu cha lugha, kilichokuwa na kiwanda, daktari, shule na kituo cha treni, watu hao hawakuwemo kabisa.

Mwanzo wa hayo ni 1920, mkataba wa Trianon. Hungaria ilinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yake, na ukanda wa kaskazini ya Danube ukawa Chekoslovakia, watu wakiwa humohumo ndani ya nyumba zao. Baada ya vita vya pili wengi walivuliwa uraia na wengine wakafukuzwa. Babu wa mke wangu alirudi kutoka kazi za kulazimishwa Bohemia, upande wa Wacheki, akakuta mtu mwingine kwenye shamba lake. Hayo utayasikia ukikaa nao sana, hawayasemi siku ya kwanza.

Bugár alizaliwa Bratislava 1958, lakini ni mtu wa Šamorín, ambao Wahungaria wanauita Somorja, kilomita ishirini na kidogo ukishuka na Danube. Alisoma uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Ufundi Bratislava, akamaliza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla mimi sijafika. Huku karatasi ya kura inachapishwa jina pamoja na shahada, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi watu wa kusini walimwona pale juu, namba moja: Ing. Béla Bugár. Hiyo "Ing." ilikuwa na uzito wake. Viongozi wengine wa Kihungaria walitoka kwenye uandishi na harakati za upinzani wa chini kwa chini, kama Miklós Duray ambaye wakomunisti walimfunga. Bugár hakuwa na historia ya namna hiyo. Alikuwa injinia mwenye masharubu, aliyeongea Kislovakia safi kwenye televisheni bila kupandisha sauti, na Waslovakia wengi walimkubali kabla hata Wahungaria wote hawajamkubali.

Novemba 1989 utawala wa kikomunisti ukaanguka. 1990 akaingia bunge la shirikisho, 1991 akawa mwenyekiti wa chama cha Wahungaria cha Kikristo na kidemokrasia. Nchi ikagawanyika 1 Januari 1993, yeye akawa tayari yumo bunge la Slovakia. Hakutoka mpaka 2020. Miaka 30 bungeni, Neema.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutamwelewa. Wahungaria ni wachache. Sensa ya 1991 walikuwa 567,296, karibu asilimia 11 ya nchi. Na hao wachache walikuwa na vyama vitatu. Waziri mkuu Vladimír Mečiar alijua kuhesabu. Mwaka 1996 alichora mikoa 8 mipya, na mikoa ya kusini akaivuta kutoka mpakani hadi kaskazini, ili Wahungaria wasiwe wengi katika mkoa hata mmoja. Mtu wa Šamorín, anayeziona taa za Bratislava usiku, makao ya mkoa wake ni Trnava mpaka leo. Halafu 1998, miezi michache kabla ya uchaguzi, ikapita sheria kwamba vyama vikiungana, kila kimoja ndani ya muungano lazima kifikishe asilimia 5 peke yake. Kwa vyama vitatu vya Kihungaria hiyo ilikuwa hukumu ya kifo.

Bugár na wenzake wakavunja vyama vyote vitatu wakaunda kimoja, SMK, naye akawa mwenyekiti. Watu waliokuwa wakisutana kwenye magazeti miaka minane wakajikuta kwenye orodha moja. Septemba 1998 wakapata asilimia 9.12 na viti 15. Mečiar akakosa wa kuungana naye, Mikuláš Dzurinda wa upinzani akaunda serikali, na kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1993 chama cha Wahungaria kikakaa serikalini. Bugár akawa naibu spika mpaka 2006, na miezi kadhaa mwaka ule akakaimu uspika.

Nikuonyeshe maana yake kwa kitu cha nyumbani. Binti yangu alianza darasa la kwanza Septemba 1996, shule inayofundisha kwa Kihungaria. Tangu zamani ripoti za shule hizo ziliandikwa lugha mbili. Serikali ya wakati ule ikaamuru ziwe kwa Kislovakia tu. Juni 1997 mtoto karudi nyumbani na karatasi yake, kaipeleka mbio kwa bibi yake, mama mkwe wangu, aliyekuwa anamenya viazi uani. Mama akafuta mikono kwenye aproni, akaishika karatasi kwa ncha za vidole isilowe, akaitazama. Kislovakia anakijua, lakini hakuisoma. Akaniambia: "Nisomee wewe, hii imeandikwa kwa ajili yako." Mimi, mtu wa Moshi, nikasimama pale namsomea bibi alama za mjukuu wake, masomo aliyofundishwa kwa lugha ya bibi. Mwaka 1999, SMK wakiwa serikalini, lugha ya pili ikarudi. Hiyo ripoti ya 1999 mama aliiweka kabatini pamoja na hati za ndoa na za nyumba. Ipo mpaka leo.

Baada ya hapo Bugár na kambi yake hawakupata kila walichotaka. Sheria ya lugha za wachache ya 1999 wabunge wa SMK waliipigia kura ya hapana, kwa sababu ilikuwa nyepesi mno. 2001 waliomba mkoa wa Komárno, wakakosa, wakatishia kutoka serikalini, wakabaki. Huyo ndiye Bugár: akipewa robo ya alichoomba anachukua robo, anakaa mezani, kesho anaomba tena. Slovakia ikaingia NATO na Umoja wa Ulaya 2004, na mwaka huohuo Komárno ikapata Chuo Kikuu cha J. Selye kinachofundisha kwa Kihungaria. Binti yangu amesoma hapo.

Machi 2007 chama kikamwangusha. Pál Csáky akachukua uenyekiti kwa tofauti ndogo ya kura, akiwa na sauti kali zaidi. Juni 2009 Bugár akaondoka na kundi lake wakaanzisha chama kipya: Most–Híd. "Most" ni daraja kwa Kislovakia, "híd" ni daraja kwa Kihungaria. Kilikuwa chama cha Wahungaria na Waslovakia kwa pamoja. Nakumbuka kijijini kwetu nyumba ziligawanyika hapohapo. Shemeji yangu mkubwa alisema Bugár kavunja nyumba. Mke wangu akamjibu kwamba yeye mwenyewe kaolewa na mtu wa Kilimanjaro, basi chama chenye mlango kwa wasio Wahungaria ndicho chama chake. 2010 Most–Híd ikapata asilimia 8.12, SMK ikabaki nje ya bunge kwa asilimia 4.33.

Kesho nitaendelea, hapa usiku umekwenda.

Wanjiru_Budapest:

Mzee, asante, umeeleza vizuri, lakini naona kama unamtetea. Mimi niko Budapest na masomo, na mwenye nyumba wangu ana ndugu Komárno. Huku wengi husema Bugár ndiye aliyegawa kura za Wahungaria, ndiyo maana leo hawana hata mbunge mmoja wa chama chao. Serikali ya Budapest iliiunga mkono SMK waziwazi, na Most–Híd haikuhesabiwa kama chama cha Wahungaria. Je, mjomba wa rafiki yake Neema hana haki?

FundiWaSomorja:

Wanjiru, haki anayo, na sikuwa nimefika huko. Sasa nafika.

Uchaguzi wa Machi 2016. Wakati wa kampeni watu wote waliompigia Bugár waliamini wanampigia mpinzani wa Robert Fico, waziri mkuu wa wakati ule. Mama mkwe aliamini hivyo. Mimi niliamini hivyo. Most–Híd ikapata asilimia 6.50, viti 11. Usiku ule pia chama cha Kotleba, watu wa siasa kali za kibaguzi, kikaingia bungeni na viti 14. Kwangu mimi mwenye ngozi yangu hii hilo halikuwa habari ya magazeti tu. Wiki mbili zikapita. Kisha tukasikia: Bugár kaingia serikalini pamoja na Fico, na pamoja na SNS.

Wewe uko Budapest, pengine hujui SNS ni nini kwa mwanamke wa Kihungaria wa miaka sabini na kitu. Ni chama ambacho kiongozi wake wa zamani, Ján Slota, aliwatukana Wahungaria hadharani miaka mingi. Kweli 2016 kilikuwa na kiongozi mwingine, Andrej Danko. Bugár alieleza kwamba nchi isikose serikali, siasa kali zisipate nafasi, na Julai ile Slovakia ilikuwa inashika urais wa Umoja wa Ulaya. Kwa kichwa nilielewa. Ni hesabu ileile ya 1998 na ya 2001: kaa ndani, chukua robo. Lakini 1998 alihesabu pamoja na sisi, na 2016 alihesabu bila sisi. Mama mkwe alizima televisheni, akachukua jembe akaenda kulima bustani, na ulikuwa Machi, udongo bado wa baridi, hakuna cha kulima.

Na matunda yalikuwepo, lazima niseme. Wizara ya uchukuzi ilishikwa na Árpád Érsek wa chama chao. Majina ya vituo vya reli yalikuwa kwa Kislovakia tu miaka yote. 2017 mabango ya lugha mbili yakaanza kuwekwa kusini. Barabara ya kasi ya R7 kutoka Bratislava kuja huku, ambayo watu waliahidiwa mpaka wakachoka, mkataba wake ulisainiwa 2016. Mimi nilifanya kazi Bratislava miaka 22 nikipita ile barabara ya zamani, namba 63, nyuma ya malori ya ngano na kokoto, na asubuhi ya ukungu wa Novemba kilomita 25 nilitumia saa nzima. R7 nimeishukuru kila siku.

Lakini Februari 2018 wakauawa Ján Kuciak, mwandishi wa habari aliyekuwa akichunguza ufisadi wa watu wa karibu na serikali, na mchumba wake Martina Kušnírová, nyumbani kwao Veľká Mača. Kijiji hicho ni cha ukanda wetu, kina Wahungaria pia. Wote wawili walikuwa na miaka 27. Nilikwenda na binti yangu uwanja wa SNP Bratislava, ule mkutano mkubwa wa Machi. Watu walitikisa funguo kama 1989. Macho yote yalikuwa kwa Most–Híd, kwa sababu wakitoka wao serikali inaanguka. Uongozi wa chama ukakaa, ukadai uchaguzi wa mapema. Kisha Fico akakubali kujiuzulu, Peter Pellegrini wa chama chake akachukua uwaziri mkuu, mseto uleule ukaendelea, na Bugár akabaki mezani.

Hapo ndipo nilipoachana naye mimi, Wanjiru. Si 2009. Hiyo 2009 ninaitetea mpaka leo.

29 Februari 2020 nilimpeleka mama mkwe kupiga kura. Huku unapewa rundo la karatasi, kila chama na yake. Unachagua moja, unazungushia namba za watu wasiozidi wanne, unaitia kwenye bahasha. Chaguzi zote mama alizungushia Bugár. Siku ile alikaa nyuma ya pazia muda mrefu hadi msimamizi akauliza kama anahitaji msaada. Kwenye gari hakusema kitu. Tulipofika getini akasema kwa Kihungaria, "Sikumzungushia." Akashuka. Most–Híd ikapata asilimia 2.05, wale wengine wa Kihungaria asilimia 3.90. Jumlisha uone, inafika 5.95: wangekuwa chama kimoja wangepita ile asilimia 5, ingawa si kwa mbali. Kwa mara ya kwanza tangu nchi hii ipate uhuru, hakuna chama cha Wahungaria bungeni. Bugár akajiuzulu uenyekiti. Julai ileile kipande cha R7 kikafunguliwa.

Kwa hiyo mjomba ana haki kuhusu hesabu za 2020. Asichotaja ni kwamba baada ya hapo vyama viliungana tena, 2023 wakaenda kama chama kimoja wakapata asilimia 4.38. Hapo hakukuwa na Bugár wa kulaumiwa. Sensa ya 2021 Wahungaria walikuwa 422,065. Vijana wanakwenda Bratislava, Vienna, Budapest, na wengi wanawapigia kura Waslovakia kama alivyopigiwa Čaputová. Binti yangu ni mmojawapo.

Neema_BA:

Mzee nimekusoma mpaka mwisho, na hapo pa ripoti ya shule nimelia. Swali moja tu: uhandisi ulimsaidia kitu? Au ilikuwa shahada tu?

FundiWaSomorja:

Swali zuri, nalijibu kama mtu wa kitivo chako.

Naona ulimsaidia mwaka 1998. Pale ulihitajika mtu wa kuunganisha vipande vitatu visivyolingana, akakubali kwamba havitalingana sawasawa, akaacha nafasi kidogo kwenye kila kiungio. Wewe unasoma, unajua: ukikaza bolti zote kabisa siku ya kwanza, mtambo ukipata joto unapasuka. Mshairi asingeweza kazi ile. Lakini kwenye mashine bolti haikuulizi kwa nini umeihamisha. Mama mkwe wangu aliuliza, akangoja jibu miaka minne.

Jumamosi kama una nafasi panda treni ya Komárno, ushuke Dunajská Streda. Tazama bango la kituo: Dunajská Streda juu, Dunaszerdahely chini. "Streda" ni Jumatano kwa Kislovakia na "szerda" ni Jumatano kwa Kihungaria. Ulikuwa mji wa gulio la Jumatano, kama sisi tulivyo na magulio yetu ya siku maalumu, na jina ni lilelile kwa lugha zote mbili. Miaka mingi iliandikwa moja tu.

Ukifika kwao, baba akimsifu Bugár muulize kuhusu Machi 2016. Mjomba akimlaani muulize ripoti za shule za watoto wake zilikuwaje 1997. Ila subiri kwanza mmalize supu.

Neema_BA:

Nitakwenda Jumamosi, Mzee. Nimemwonyesha rafiki yangu maelezo yako, nikamtafsiria. Alinyamaza, kisha akasema bibi yake naye ana ripoti kabatini. Ya baba yake, ya 1974, lugha mbili. Amesema atamwomba atuonyeshe.